Saa Tatu Ipi? Jinsi Kompyuta Inavyoandika Tarehe na Saa

"Miadi yako ni tarehe 04/03 saa 3:00. Usikose."

Ujumbe huo ulitoka kwenye programu niliyoiandika mwenyewe kwa ajili ya kliniki moja ya meno, ukamfikia mama mmoja mtu mzima anayeishi nje kidogo ya mji. Alifika saa tatu kamili asubuhi, akakaa kwenye benchi. Daktari huwa anaingia mchana. Nilipopita pale saa nane kurekebisha printa nilimkuta bado amekaa, hajala chochote, kwa kuwa aliogopa kutoka asije akapitwa na zamu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hapa. Hii saa tatu yenu ni ya wapi?"

Ukiuhesabia vizuri, ujumbe ule unasomeka kwa njia nane. 04/03 ni tarehe 4 Machi kwa sisi tunaoanza na siku, na ni tarehe 3 Aprili kwa Mmarekani anayeanza na mwezi. 3:00 ni saa tatu asubuhi au saa tatu usiku kwa anayehesabu kwa Kiswahili, na kwa anayehesabu kwa Kiingereza ni saa tisa usiku au saa tisa alasiri. Mbili mara nne. Lakini ndani ya hifadhidata hapakuwa na utata wowote: miadi ilikuwa 4 Machi, 15:00. Kila kitu kilikuwa sahihi mpaka hatua ya mwisho kabisa, pale wakati ulipogeuzwa kuwa maandishi. Hatua hiyo wengi wetu tunaiona ni ya urembo tu, tunaimaliza kwa mstari mmoja wa msimbo na kwenda kulala. Mimi nilifanya hivyo.

Tuanze na kile mashine inachokijua. Kompyuta nyingi hazihifadhi "Jumatano" wala "Novemba". Zinahesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa 00:00 kwa UTC, yaani saa ya dunia isiyofuata nchi yoyote. Namba 1700000000, kwa mfano, ni lahadha moja tu, nukta moja ya wakati ambayo ilipita mara moja kwa watu wote duniani. Ukiiandika kwa UTC unapata 14 Novemba 2023, 22:13:20. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo huku ilikuwa tayari tarehe 15, 01:13:20. Lubumbashi, Bujumbura na Kigali ziko mbele kwa saa mbili: tarehe 15, 00:13:20. Kinshasa iko mbele kwa saa moja tu, na huko ilikuwa bado tarehe 14, 23:13:20. Nchi moja, Kongo, lahadha moja, tarehe mbili. Ndugu aliyeko Muscat alikuwa tarehe 15 saa 02:13:20, na aliyeko Toronto alikuwa tarehe 14 jioni, 17:13:20.

Kwa hiyo swali "hii ni tarehe ngapi?" halina jibu mpaka useme ni kwa nani na yuko wapi. Seva nyingi tunazokodi zimewekwa kwenye UTC. Kama programu yako inaandika risiti kwa saa ya seva bila kuuliza, basi kila mauzo ya Tanzania na Kenya kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku yatabeba tarehe ya jana. Duka linalofunga saa moja jioni halitaona tofauti. Kituo cha mafuta cha barabara kuu, baa, hospitali na huduma za pesa za simu zitaiona, hasa usiku wa mwisho wa mwezi, hesabu zinapofungwa.

Kuna kosa la aina hii ambalo limetungojea sisi wa mashariki ya Greenwich, yaani sisi ambao saa yetu iko mbele ya UTC, nami nimelikuta mara nyingi kwenye kazi za vijana wenye uwezo mkubwa. Mzazi anajaza fomu ya mtoto aliyezaliwa tarehe 5 Machi 2015. Kwenye JavaScript, kalenda ya fomu inatengeneza `new Date(2015, 2, 5)`. Namba 2 hapo ni Machi, maana lugha hiyo inahesabu miezi kuanzia sifuri. Hiyo ni saa sita usiku kwa saa ya simu ya mzazi. Kisha msimbo unaita `toISOString()` ili kuituma kwenye seva, na kinachotoka ni `2015-03-04T21:00:00.000Z`. Mtu anakata herufi kumi za mwanzo, anahifadhi `2015-03-04`, na mtoto amezaliwa siku moja kabla. Fomu ikifunguliwa na kuhifadhiwa tena kwa njia hiyo hiyo, mtoto anarudi nyuma siku nyingine.

Kompyuta haijakosea hapo. Saa sita usiku ya Dar es Salaam kweli ni 21:00 ya jana yake kwa UTC. Aliyekosea ni aliyechukua tarehe ya kuzaliwa akaifanya lahadha. Tarehe ya kuzaliwa ni jina la siku kwenye kalenda, na jina hilo halibadiliki mtu akihamia Oslo. Muamala wa pesa ni lahadha. Sikukuu, tarehe ya kuzaliwa, siku ya mwisho ya kulipa ada ni tarehe za kalenda. Cha kwanza kihifadhi kwa UTC na kigeuze wakati wa kuonyesha. Cha pili kihifadhi kama kilivyo, mwaka, mwezi, siku, na usikiguse na hesabu yoyote ya saa. Nikipewa programu ya mtu mwingine niikague, hapa ndipo ninapoanza.

Sasa tuje kwenye maandishi yenyewe. Karibu kila lugha ya kompyuta inakupa njia ya kuchora muundo kwa herufi, na kila herufi inasimama badala ya kipande cha wakati. Lugha ya C ina `strftime`, na Python, PHP, Ruby na wengine wakarithi mtindo wake kwa namna mbalimbali: `%d/%m/%Y %H:%M` inatoa 04/03/2024 15:00. Java, na lugha nyingi za upande wa simu za Android, zinaandika `dd/MM/yyyy HH:mm`. Go ilichagua njia ya peke yake: unaandika mfano wa lahadha moja maalumu, tarehe 2 Januari 2006 saa 15:04:05, kwa umbo unalolitaka, nayo inafuata.

Katika mtindo wa Java, ukubwa wa herufi ni kila kitu. `MM` ni mwezi, `mm` ni dakika. Ukiandika `dd/mm/yyyy`, programu haitalalamika: itakupa siku, kisha dakika, kisha mwaka. Ukijaribu tarehe 4 Machi, saa nne na dakika tatu, tarehe itasomeka 04/03/2024 na utaridhika kabisa. `HH` ni saa 0 mpaka 23, `hh` ni 1 mpaka 12. Ukitumia ya pili bila kuweka alama ya mchana au usiku, 15:00 inageuka 03:00 kimyakimya. Hilo ndilo lililompata mama wa kliniki.

Lakini herufi ninayoiogopa kuliko zote ni Y kubwa. `yyyy` ni mwaka wa kalenda. `YYYY` ni mwaka wa wiki, yaani mwaka ambao wiki hiyo inahesabiwa kuwa ni yake. Kwa kanuni ya ISO, shirika la kimataifa la viwango, wiki huanza Jumatatu, na wiki ya kwanza ya mwaka ni ile yenye Alhamisi ya kwanza. Kwa siku karibu zote za mwaka namba hizo mbili zinafanana, ndiyo maana kosa linapita majaribio yote na kukaa miezi kumi na moja bila kuonekana. Kisha inafika 29 Desemba 2014, Jumatatu. Wiki hiyo ni ya kwanza ya mwaka 2015. Siku hiyo seva za Twitter zilianza kutuma tarehe yenye mwaka 2015, na watumiaji wengi wa simu za Android wakajikuta wametolewa kwenye akaunti zao. Tarehe 30 Desemba 2024 ilikuwa na mtego huo huo, na 29 Desemba 2025 pia. Kama unasoma haya ukiwa na msimbo wa Java karibu, tafuta `YYYY` leo.

Mpangilio wa namba nao una hatari zake. Uhuru wa Tanganyika uliandikwa kwenye historia 9/12/1961. Mpe Mmarekani, atasoma 12 Septemba. Mapinduzi ya Zanzibar, 12/01/1964, yatakuwa 1 Desemba. Uhuru wa Rwanda na Burundi, 1/7/1962, utahamia Januari. Muungano wa 26/04/1964 uko salama, kwa sababu hakuna mwezi wa 26, na programu itakataa kwa sauti. Kenya ilijaliwa: 12/12/1963 inasomeka sawa pande zote, kama zilivyo Saba Saba na Nane Nane. Katika mwaka kuna siku 144 ambazo namba yake ya siku haizidi 12. Kumi na mbili kati ya hizo hazibadiliki ukizigeuza. Zilizobaki 132 zinageuka kuwa siku nyingine halali kabisa, na hakuna mashine itakayogundua. Ndiyo maana orodha iliyoingizwa vibaya huonekana nzuri ukiangalia tarehe 25, na imeharibika ukiangalia tarehe 6.

Kwa mawasiliano ya mashine na mashine, jambo hili lilimalizwa zamani. Kiwango cha ISO 8601 kilitoka mwaka 1988, na RFC 3339, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2002, ikakipunguza kikafaa intaneti: `2024-03-04T15:00:00+03:00`. Mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kikubwa kikitangulia kidogo, na mwishoni umbali kutoka UTC. Uzuri wake mwingine ni kwamba maandishi hayo, yakibaki kwenye umbali mmoja, yakipangwa kwa alfabeti yanajipanga pia kwa wakati. Jaribu hivyo na mtindo wetu: 02/11/2023 itatangulia 03/01/2022, na ripoti ya muuza duka itakuwa vurugu. Faili zangu zote, hata picha za harusi, majina yake yanaanza na mwaka.

Ile `+03:00`, hata hivyo, inasema umbali tu, haisemi mahali. Sisi hatusogezi saa kwa majira, kwa hiyo tunasahau kwamba London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi. Mkutano wa kila Jumatatu na ndugu wa huko ukihifadhiwa kwa umbali tu utaharibika mwishoni mwa Machi. Kwa mambo yanayojirudia, hifadhi jina la eneo, kama `Africa/Nairobi` au `Europe/London`, na uiachie kompyuta kazi ya kutafuta umbali wa siku husika.

Mpaka hapo mpanga programu wa Jakarta au Lima angesema nami kwa kauli moja. Kuanzia hapa ni Kiswahili chetu.

Tovuti nyingi hufupisha majina ya siku kwa kukata herufi tatu za mwanzo, maana kwa Kiingereza inafaa. Kata siku zetu: Jum, Jum, Jum, Jum, Alh, Iju, Jum. Safu tano kati ya saba za kalenda zinafanana! Nimeiona kalenda hiyo kwa macho yangu, kwenye programu iliyokuwa tayari kuzinduliwa. Watu wenyewe kwenye ujumbe huandika J3, J4, J5, na nafasi ikiwa finyu ufupisho wa namna hiyo unaeleweka kuliko Jum. Lakini angalia: namba zilizomo ndani ya majina yetu zinaanza Jumamosi, mosi, na Jumatatu ni ya tatu. JavaScript inaita Jumapili 0 na Jumatatu 1. Python inaita Jumatatu 0 ukitumia `weekday()`, na 1 ukitumia `isoweekday()`. Kijana anayeona namba 3 na kuandika "Jumatatu" amekosea kwa siku mbili, au tatu kama namba imetoka kwenye `weekday()`. Tena tano tunazo mbili, moja ya Kibantu ndani ya Jumatano na moja ya Kiarabu ndani ya Alhamisi, kwa hiyo usijaribu kutunga jina la siku kutokana na namba. Weka orodha ya majina saba, basi.

Majina hayo huhitaji hata kuyaandika. Unicode Consortium, shirika la viwango vya maandishi ya kompyuta, inatunza hazina iitwayo CLDR, yenye majina ya siku na miezi na mipangilio ya tarehe kwa lugha nyingi sana, na Kiswahili kimo, pamoja na tofauti za Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Simu na vivinjari huchota humo. Ukiomba tarehe kwa `sw-TZ` utapata "4 Machi 2024" bila jasho. Vipindi vya siku navyo vimo: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku.

Kitu kimoja hakimo, nacho ndicho kikubwa. Saa yenyewe haisogezwi. Ukiiomba iandike 15:00 kwa mzunguko wa saa kumi na mbili pamoja na kipindi cha siku, unapata 3:00 na neno mchana ubavuni mwake. Hakuna Mswahili anayesema saa tatu mchana. Maneno ni ya Kiswahili, hesabu ni ya Kiingereza, na mchanganyiko huo ni mbaya kuliko Kiingereza kitupu, kwa sababu unamfanya msomaji ashushe ulinzi.

Hesabu yetu inafuata jua. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili asubuhi, na saa moja ni baada ya saa ya kwanza ya mwanga kupita. Hapa karibu na ikweta machweo hayahami sana mwaka mzima, kwa hiyo mpango huo unakaa imara. Kuigeuza ni rahisi: chukua saa ya 0 mpaka 23, ongeza 6, gawa kwa 12, chukua baki, baki likiwa sifuri, andika 12. Kwa 15, 21 ikigawanywa kwa 12 inabaki 9: saa tisa. Kwa 7 inabaki 1. Kwa 18 inabaki sifuri: saa kumi na mbili jioni. Neno la kipindi litoe kwenye saa ya awali, usilitoe kwenye ile uliyoigeuza. Mimi naweka alfajiri kwa 04:30 mpaka kabla ya 06:00, asubuhi mpaka kabla ya 12:00, mchana mpaka kabla ya 15:00, alasiri mpaka kabla ya 16:00, jioni mpaka kabla ya 19:00, kisha usiku. Mipaka hiyo mtu anaweza kubishana nayo. Wapo wanaosema saa moja jioni na wapo wa saa moja usiku, na wote wanaeleweka.

Ugumu uko kwenye dakika. Kwa 08:45 tunasema saa tatu kasorobo. Saa inayotajwa ni ile inayokuja, siyo iliyopita. Kwa hiyo dakika zikizidi 30 na ukitaka kuandika kama watu wanavyosema, ongeza saa moja kwanza, kisha utoe. Hapo ndipo 18:45 inakuwa saa moja kasorobo jioni: saa imeshavuka kwenda kwenye usiku, kipindi bado ni jioni. Toleo langu la kwanza liliandika "saa moja kasorobo usiku", na karani wa kliniki ndiye aliyenionyesha.

Hata siku yenyewe ina mpaka mwingine. Kwa wazee wa pwani, siku inaanza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Kwa kijana wa mjini, usiku wa Ijumaa ni Ijumaa baada ya kazi. Ukimtumia kila mmoja ujumbe "hafla ni usiku wa Ijumaa saa tatu", watafika kwa tofauti ya saa ishirini na nne, wote wakiwa sahihi. Kiswahili kina dawa yake tayari, "usiku wa kuamkia Ijumaa", na kwa tukio lolote la usiku ninaandika tarehe kwa namba pia.

Baada ya siku ile nilikaa na watu wa mapokezi nikawauliza kila mmoja anasomaje. Nikagundua jambo ambalo ningepaswa kulijua, maana mimi mwenyewe hufanya hivyo. Wakiona 9:00 kwenye simu, wanatamka "saa tatu" bila kufikiri. Wakiona "saa tisa" kwa maneno, wanajua ni tisa ya Kiswahili. Namba zenye nukta pacha ni saa ya dunia, na maneno ni saa ya Kiswahili. Kila upande una kanuni yake na kila mtu anaifuata. Ujumbe wangu uliandika "saa 3:00". Neno *saa* lilimwita mama kwenye hesabu moja, na namba zikamwita kwenye nyingine, na yeye akaitikia neno, kama ambavyo mtu yeyote mwenye lugha yake angefanya.

Hifadhidata sikuigusa. Nilibadilisha ule mstari wa mwisho tu, na tangu hapo ujumbe unaenda hivi:

"Miadi yako ni Jumatatu, tarehe 4 Machi 2024, saa tisa alasiri (15:00). Daktari haingii kabla ya saa nane mchana."

Ile sentensi ya pili ni wazo la yule mama.